Nani alimwongoza nani mwaka 1498? Vyombo vya Wareno, nyota za Bahari ya Hindi na ofisi ya Lisbon

Mwanzisha uzi

Wanajamvi, salaam kwenu nyote.

Mjadala wa kuja kwa Wareno katika pwani yetu una kawaida ya kugawanyika kambi mbili. Wa kwanza husema kwamba Wareno walikuja na elimu ya bahari isiyojulikana huku, na kwamba elimu hiyo ndiyo iliyowapa ushindi. Wa pili husema kwamba hawakujua lolote, na kwamba bila rubani waliyempata Malindi wangeishia miambani. Mimi naona kambi zote mbili zimeruka jambo moja. Vyombo vya Wareno vilibuniwa kwa ajili ya matatizo ya Atlantiki, wakati Bahari ya Hindi ilikuwa na majibu yake ya siku nyingi. Kilichowapa Wareno nguvu ya kudumu, ukiacha mizinga ambayo nitaifikia, ni ofisi iliyokusanya ujuzi wa marubani wa kila taifa, ikausahihisha kila mwaka, kisha ikaufungia kabatini.

Nianze na Atlantiki. Meli iliyotoka Lisbon kwenda Guinea ilishuka kwa urahisi, kwa kuwa upepo na mkondo viliisukuma kusini. Shida ilikuwa kurudi, kwani upepo uleule uliikabili usoni. Mabaharia wa Ureno waligundua katika karne ya 15 kwamba njia fupi ya kurudi nyumbani ni kuipa nchi kavu kisogo, kuingia bahari kuu kuelekea kaskazini-magharibi mpaka karibu na visiwa vya Azores, na huko kuupata upepo wa magharibi wa kuwarudisha Ureno. Nahodha anayekaa wiki kadhaa bila kuona pwani hawezi kutegemea alama za nchi kavu, hivyo ilimlazimu ajue amefika latitudo gani ndipo ageuze omo kuelekea mashariki. Walitumia kwadranti, chombo cha robo duara, kupima kimo cha Nyota ya Kaskazini, na kwa muda njia hiyo ilitosha.

Walipoikaribia ikweta, katika miaka ya 1470, nyota hiyo ilizama kwenye upeo wa macho. Likabaki jua. Lakini jua hubadili mahali pake kila siku ya mwaka, likipanda kaskazini ya ikweta na kushuka kusini yake, kwa hiyo kipimo cha mchana hakina maana bila jedwali linaloonyesha umbali wa jua kutoka ikweta siku hiyo. Hapo ndipo ulipoingia mchango wa Abraham Zacuto, mwanafalaki Myahudi wa Salamanca aliyekimbilia Ureno baada ya Wayahudi kufukuzwa Hispania mwaka 1492. Majedwali yake yalifasiriwa na mwanafunzi wake José Vizinho, ambaye tayari alikuwa ametumwa Guinea mwaka 1485 kupima latitudo kwa jua, na yakachapishwa Leiria mwaka 1496. Mwishoni mwa mwaka huohuo Mfalme Manuel aliamuru Wayahudi watoke Ureno pia, na Zacuto akakimbilia Tunis. Safari iliyomfikisha nahodha wa Kireno Vasco da Gama India iliondoka Julai mwaka uliofuata ikiwa na hesabu za mtu ambaye mfalme yule alikuwa amekwisha kumfukuza.

Ni vema tukiangalia kazi yenyewe ilivyofanyika. Saa ya adhuhuri rubani aliining'iniza astrolabu ya shaba kwa pete yake, akazungusha mkono wa kati mpaka mwali wa jua uliopenya tundu la juu ukaangukia barabara kwenye tundu la chini, kisha akasoma nyuzi kwenye ukingo. Hakuhitaji kulitazama jua. Baada ya hapo alifungua jedwali, akaongeza au kupunguza kulingana na tarehe, akapata latitudo. Kwa maneno ni jambo jepesi. Kwenye sitaha inayoyumba, kosa la nyuzi kadhaa lilikuwa la kawaida, na kila nyuzi moja ni maili 60 za baharini. Ndiyo maana da Gama, baada ya kuzunguka Atlantiki ya Kusini kwa zaidi ya siku 90 bila kuona nchi kavu, alipotia nanga katika ghuba ya Mtakatifu Helena, kaskazini kidogo ya Rasi ya Tumaini Jema, Novemba 1497, alishuka pwani na astrolabu kubwa ya mbao, ikatundikwa kwenye miti mitatu ili itulie. Chombo cha kisasa kuliko vyote Ulaya kilihitaji ardhi isiyotikisika.

Sasa tuje Malindi, Aprili 1498. Mwanahistoria wa Kireno João de Barros, aliyeandika katikati ya karne ya 16 akiwa na nyaraka za serikali mkononi, anasimulia kwamba da Gama alimwonyesha yule rubani astrolabu zake, akitazamia mshangao. Rubani hakushangaa. Alieleza kwamba marubani wa Bahari ya Shamu wana vyombo vya shaba vya kupimia jua na nyota, lakini kwamba yeye na mabaharia wa Cambay, bandari ya Gujarat, hutumia nyota fulani za kaskazini na za kusini, na kipimo chao ni vibao. Alimtandazia pia ramani ya pwani yote ya India, iliyochorwa mistari mingi ya kukatana kwa namna ya Waislamu. Barros hakuwa na sababu ya kuwasifu watu wa huku, na kwa hiyo ninauamini ushuhuda wake zaidi.

Kibao hicho ndicho Waarabu wanachokiita kamal. Ni kipande cha mbao cha mstatili chenye uzi uliotoka katikati, na uzi una mafundo. Rubani anauma fundo kwa meno, anaunyoosha uzi, anaweka ukingo wa chini wa kibao kwenye upeo wa bahari na kutazama kama nyota imegusa ukingo wa juu. Kipimo chenyewe kilihesabiwa kwa vidole, kidole kimoja kikiwa kama nyuzi moja na nusu hivi au zaidi kidogo, na duara zima likiwa na vidole 224. Anayekwenda bandari ya Malabar, pwani ya kusini-magharibi ya India, alijua nyota ya bandari hiyo ina vidole vingapi. Alipanda mpaka akavipata, halafu akaufuata mstari huo mashariki mpaka nchi ikaonekana. Hakukuwa na jedwali la kufungua, wala ukokotoaji, na kifaa chenyewe kilitengenezwa na seremala yeyote kwa muda mfupi.

Zaidi ya nyota kulikuwa na kalenda. Da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, mwanzo wa kusi, na tarehe 20 Mei alikuwa mbele ya Calicut. Siku chache baada ya kuondoka, shajara ya safari inaeleza kwamba waliiona tena Nyota ya Kaskazini ambayo hawakuwa wameiona kwa muda mrefu. Wakati wa kurudi hakuwa na mtu wa kumshauri, au alikuwa naye lakini hakusikilizwa: aliliacha eneo la Malabar mwishoni mwa Agosti, akang'oa nanga kisiwa cha Anjediva tarehe 5 Oktoba, kabla kaskazi haijatulia, akaangukia maleleji, kipindi cha pepo dhaifu kati ya misimu miwili. Bahari aliyoivuka kwa chini ya wiki nne ilimchukua karibu miezi mitatu. Kiseyeye kiliua watu wapatao 30 katika kivuko hicho peke yake, na walipofika Malindi Januari 1499 kitu cha kwanza walichoomba kwa ajili ya wagonjwa ni machungwa. Siku chache baadaye waliichoma moto meli yao moja, São Rafael, kwenye mafungu ya mchanga mbele ya Mtangata, karibu na Tanga ya leo, kwa sababu hawakubaki mabaharia wa kutosha kuendesha meli zote.

Meli zilikuwa zilezile na astrolabu zilezile, kwenda na kurudi. Kilichokosekana ni ujuzi wa tarehe.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mwanzisha uzi, nakushukuru kwa darasa, lakini naona unazunguka mbuyu. Kilwa ilianguka Julai 1505 na Mombasa ikachomwa Agosti mwaka huohuo, na hakuna aliyewauliza Wareno wanapima nyota kwa chombo gani. Mizinga ndiyo iliyoamua. Mengine yote ni mapambo ya wanahistoria.

Mwanzisha uzi

Mkuu, sipingi kwamba mizinga iliwashinda watu wa Kilwa na Mombasa. Swali langu ni jingine: kwa nini mizinga ile iliweza kurudi mwaka baada ya mwaka? Uvamizi wa mara moja hauhitaji ofisi. Kuwa na ngome Msumbiji, Goa mwaka 1510, Malaka mwaka 1511 na Hormuz, zote zikitegemea msafara unaoondoka Lisbon kila masika ili uiwahi kusi, ni kazi ya ratiba na ramani.

Katika Lisbon kulikuwa na ghala la serikali la shughuli za Guinea na India, na humo ilitunzwa ramani mama ya ufalme. Rubani aliyerejea alikabidhi kumbukumbu zake, na wachora ramani wakarekebisha kilichokosewa. Hispania ilifanya vivyo hivyo Seville, ilikoanzisha Nyumba ya Biashara mwaka 1503, na mwaka 1508 ikamteua Amerigo Vespucci kuwa rubani mkuu wa kuwatahini marubani wengine na kusimamia ramani mama. Thamani ya karatasi hizo tunaijua kutokana na bei ya wizi wake. Mwaka 1502 Alberto Cantino, wakala wa mtawala wa Ferrara, alitoa ducat 12 za dhahabu kupata ramani ya dunia iliyochorwa Lisbon kwa siri, ikiwa na pwani ya Afrika Mashariki katika sura ambayo mtu wa leo anaitambua mara moja. Ramani hiyo imehifadhiwa Modena, Italia. Fikirini: miaka mitatu tu baada ya da Gama kurudi.

Na hawakukusanya habari za Wareno wenzao peke yao. Aprili 1512 Afonso de Albuquerque alimwandikia Mfalme Manuel kuhusu ramani kubwa ya rubani wa Kijava aliyoipata huko mashariki, yenye Visiwa vya Viungo na njia za meli za Wachina. Ramani yenyewe ilizama pamoja na meli ya Flor de la Mar, lakini sehemu yake ilikuwa imenakiliwa na Francisco Rodrigues, na nakala hiyo ndiyo iliyotumwa Ureno. Huo ndio mtindo ninaousemea. Ujuzi wa rubani wa Kijava, ambao kwake ulikuwa urithi wa baba kwa mwana, ukifika Lisbon uligeuka kuwa mali ya taifa ambayo rubani asiyemjua angeweza kuitumia mwaka unaofuata.

Mizinga na karatasi zilikutana katika hati ya kupitia, ile iliyoitwa cartaz. Chombo kisichokuwa nayo kilikamatwa, na kuipata kulimaanisha kukubali kupita katika forodha za Wareno na kulipa ushuru huko. Ada yake ilikuwa ndogo; faida ilikuwa kwenye ushuru. Mfumo wa namna hiyo hauwezi kufanya kazi kama hujui majahazi yanapita wapi na mwezi gani, na hayo waliyajua kwa kuwauliza wenyewe.

Mchangiaji wa tatu

Assalaam alaykum. Nafuatilia nikiwa Muscat. Naomba ufafanuzi kuhusu Ahmad ibn Majid. Huku na hata Zanzibar tumezoea kusikia kwamba ndiye aliyemwongoza da Gama, wengine wakimlaumu na wengine wakijivunia. Je, wewe unaishikilia kauli hiyo?

Mwanzisha uzi

Wa alaykum salaam, sheikh wangu. Siishikilii. Kauli hiyo inatoka kwa Qutb al-Din al-Nahrawali, mwandishi wa Makka wa karne ya 16, aliyeandika miongo mingi baada ya tukio na kuongeza kwamba Ibn Majid alilewa ndipo akatoa siri. Vyanzo vya Kireno vilivyo karibu zaidi na tukio havimtaji. Barros anasema rubani alikuwa Mgujarati, na shajara ya safari inamfanya Mkristo, jambo ambalo linaelezeka kwa kuwa Wareno wa safari ile waliwadhania Wahindu kuwa Wakristo. Isitoshe, Ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika eneo la Ras al-Khaimah ya leo, alikuwa mzee kufikia mwaka 1498.

Lakini kumwondoa katika kisa cha Malindi hakumpunguzii kitu. Kitabu chake kikubwa cha misingi ya elimu ya bahari kilikamilika karibu mwaka 1490, yaani kabla hata Columbus hajavuka Atlantiki. Humo ameeleza tarehe za kuondoka kila bandari, vidole vya nyota, sehemu 32 za dira zilizopewa majina ya nyota zinapochomoza na kutua, na alama za kuikaribia pwani. Ametunga pia urjuza mrefu wa njia ya Sofala, ambamo bandari zetu zimepangwa kwa mashairi ili rubani azihifadhi kichwani. Ushairi ulikuwa ndiyo daftari lake, na kwa kazi ya kuhifadhi ulikuwa mzuri sana. Kasoro yake, kwa jicho la dola, ni kwamba ulimfaa aliyefundishwa na mwalimu wake, na hakukuwa na sultani aliyekuwa akiwalipa watu kukusanya mashairi ya marubani wote, kuyalinganisha na kuyarekebisha. Wafanyabiashara wa Kilwa, Hormuz na Cambay hawakuhitaji ofisi ya namna hiyo, kwa kuwa hawakuwa wakijaribu kuitawala bahari. Walikuwa wakifanya biashara ndani yake.

Kwa anayetaka mfano wa teknolojia kubwa isiyozaa dola, tazameni Wachina wa enzi ya Ming. Misafara ya Zheng He ilifika Malindi mwanzoni mwa karne ya 15, na Malindi ilipeleka twiga China mwaka 1415. Ramani iliyotokana na misafara hiyo, iliyochapishwa baadaye katika karne ya 17, inaonyesha Malindi na Mombasa, na vimo vya nyota ndani yake vimeandikwa kwa vidole, kipimo kilekile cha akina Ibn Majid. Dira walikuwa nayo kabla ya watu wote. Baada ya mwaka 1433 serikali yao ilisitisha safari hizo, na mambo yakaishia hapo.

Mchangiaji wa pili

Nimekuelewa kiasi, japo bado nashikilia mizinga yangu. Ila kama siri za Lisbon zilikuwa na nguvu hiyo, Waholanzi na Waingereza waliingiaje? Na hiyo saa maarufu ya kupima longitudo inakaa wapi katika hoja yako?

Mwanzisha uzi

Waliingia kupitia mlango wa ofisi yenyewe. Jan Huyghen van Linschoten, Mholanzi, alifika Goa mwaka 1583 akiwa katibu wa askofu mkuu, akakaa miaka kadhaa akinakili maelekezo ya njia za Wareno. Yalichapishwa Amsterdam mwaka 1595 na 1596. Alishauri wanaokwenda Java wapite mlango-bahari wa Sunda, mbali na mizinga ya Wareno huko Malaka, na msafara wa Cornelis de Houtman ulifika Banten kwa njia hiyo Juni 1596. Mwaka 1602 ikaundwa kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, nayo ikaanzisha ofisi yake ya ramani na kuzifungia za kwake kabatini kama Wareno walivyofanya.

Longitudo ndiyo iliyowasumbua wote. Mwaka 1611 Hendrik Brouwer alithibitisha kwamba meli ikitoka Rasi ya Tumaini Jema ikaenda mashariki moja kwa moja katika upepo mkali wa kusini, ndipo ipande kaskazini, huokoa miezi mingi ya safari ya Java. Kampuni ikaifanya njia hiyo kuwa amri. Lakini lini upande kaskazini? Astrolabu hukuambia umefika kusini kiasi gani. Haikuambii umekwenda mashariki kiasi gani, na waliochelewa kugeuka waliparamia Australia. Meli ya Batavia ilivunjikia kwenye miamba ya Abrolhos tarehe 4 Juni 1629 kwa kosa la aina hiyo. Mtaona kwamba bahari yetu ya kaskazi na kusi haikuwa na ugonjwa huo kwa ukali ule, kwa sababu pwani ya Afrika na ya India zote zimelala kaskazini-kusini: ukishika latitudo sahihi na kuifuata, nchi lazima itatokea mbele yako.

Jawabu lilikuwa saa. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, kwa hiyo ukiwa na saa inayoshika muda wa nyumbani na ukapima adhuhuri ya hapo ulipo, tofauti ya dakika 4 ni nyuzi moja ya longitudo. Saa za mtetemo wa timazi zilivurugwa na mawimbi. Bunge la Uingereza lilitangaza mwaka 1714 zawadi ya hadi pauni 20,000, na John Harrison, seremala aliyejifundisha ufundi wa saa, alitengeneza saa ambayo katika safari ya Jamaica ya mwaka 1761 ilipotea sekunde 5 tu kwa siku 81, baada ya kuhesabu mwendo wake wa kawaida. Hata hivyo kwa miaka mingi saa hizo zilikuwa ghali mno, na manahodha wengi waliendelea kupima umbali wa mwezi na nyota kwa msaada wa kalenda ya falaki ya Greenwich iliyotolewa kila mwaka, ya kwanza ikiwa ya mwaka 1767. Ofisi tena, kama mnavyoona, yenye wakokotoaji wa kulipwa.

Saa hizo zilipofika kwetu zilifika na ofisi yake nyuma. Kati ya mwaka 1822 na 1826 Kapteni William Owen, akiwa na meli za Leven na Barracouta, aliipima pwani ya Afrika Mashariki kwa niaba ya Idara ya Bahari ya Uingereza, kina kwa kina na ghuba kwa ghuba, huku wengi wa watu wake wakifa kwa homa. Februari 1824 alifika Mombasa, akawakuta Mazrui, ukoo uliotawala mji huo, wakimhofia Sayyid Said wa Oman, akakubali ombi lao la kuwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza bila idhini ya wakubwa wake. Luteni John James Reitz aliyeachwa kusimamia mji alifariki Mei mwaka huohuo, na jina lake ndilo lililobaki kwenye mkono wa bahari wa Port Reitz, nyuma ya Kilindini. Serikali ya London iliukataa ulinzi huo na bendera ikashushwa mwaka 1826. Ramani za Owen haikuzikataa. Ziliingia katika makabati ya Idara ya Bahari, na manowari za Uingereza zilizokuja baadaye katika karne hiyo kukagua majahazi ya watumwa zilikuta kazi ya kupima kina imekwisha kufanywa.

Anayetaka tuendelee na upande wa Waomani, hasa namna walivyoichukua Ngome ya Yesu mwaka 1698 na kujenga manowari za mtindo wa Ulaya, aseme, nitaufungulia uzi wake.